Nimemsamehe kaka yangu. Je, lazima niwe mdhamini wake?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Kaka yangu mkubwa aliniomba akiba yangu yote aanzishe biashara, akaahidi kuirudisha ndani ya miezi sita. Baadaye nikagundua kwamba biashara haikuwahi kuwepo. Pesa zilikwenda kulipa madeni yake ya zamani. Akakata mawasiliano kwa miaka mitatu. Mwaka jana alirudi, akaokoka, akaniomba msamaha mbele ya familia nzima, nami nikamsamehe kwa machozi. Habari za deni hazikuguswa. Sasa anataka niwe mdhamini wake wa mkopo, na jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Nimesita. Mama anasema kama ningekuwa nimesamehe kweli nisingesita. Mzee mmoja wa kanisa amenisomea mfano wa mtumwa asiyesamehe. Mume wangu hataki hata kulisikia jambo lenyewe. Nami kila nikiona jina la kaka kwenye simu, tumbo linanikaza. Je, nilisamehe, au nilijidanganya?

JIBU: Dada mpendwa, kwa jinsi ulivyoandika, naamini ulisamehe. Nalitanguliza hilo kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi kuliko mkopo wenyewe. Na unaweza kukataa kutia sahihi kwenye dhamana hiyo ukabaki umesamehe. Waliokufungia mambo haya mawili kwenye furushi moja ni watu wanaokupenda, ila Maandiko hayakuyafunga hivyo.

Tuanze na mfano uliosomewa, kwa kuwa ndio unaokuchoma. Katika Mathayo 18 mtumwa wa kwanza anadaiwa na mfalme wake talanta 10,000, na mfalme anamfutia zote. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja, kama tunavyoona kwa wale wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20, na talanta moja ilikaribia dinari 6,000. Piga hesabu: siku milioni 60 za kazi. Mtu akifanya kazi kila siku bila kupumzika hata Sabato, anahitaji zaidi ya miaka 160,000. Yesu anachora deni lisilolipika, na sisi sote tumo humo.

Sasa njoo kwenye deni la pili, dinari 100 ambazo mtumwa huyo alimdai mtumwa mwenzake. Hapa ndipo wahubiri wengi hupita mbio, wakasema zilikuwa vijisenti. Hazikuwa vijisenti. Ni ujira wa siku mia moja, na kwa mtu anayepumzika siku moja kila juma hiyo ni karibu miezi minne ya jasho. Angetaka kutufundisha kwamba tunachokosewa na ndugu zetu si kitu, Yesu angetaja dinari mbili. Alitaja kiasi kinachouma. Kwa hiyo usiruhusu mtu akuambie kwamba akiba yako ilikuwa kitu kidogo ukilinganisha na msalaba. Ni kweli ukilinganisha na msalaba ni kidogo. Kwako ilikuwa miaka ya kujinyima, na Bwana anaijua tofauti hiyo.

Halafu tazama yule mtumwa alihukumiwa kwa kosa gani. Alimkaba mwenzake koo, akakataa kumpa muda, akamtupa gerezani. Je, wewe umemkaba kaka yako koo? Umemshtaki? Umemchafulia jina kanisani? Katika barua yako sioni dalili ya hayo. Na tazama pia kile ambacho mfalme hakufanya: alifuta deni lote, lakini hakuna mstari unaosema alifungua tena hazina akamkabidhi talanta nyingine 10,000. Wema wa mfalme kwake uliishia kwenye kufuta. Mzee wako wa kanisa, kwa heshima zote, ameuongezea mlango wa pili ambao Yesu hakuujenga.

Ningemwomba pia, akija tena, aanzie juu kidogo kwenye sura hiyohiyo. Kabla Petro hajauliza habari za mara saba, Yesu ameshaeleza la kufanya ndugu akikukosa: mwendee mwonyane wewe na yeye peke yenu, asiposikia, chukua mmoja au wawili, asiposikia hao, liambie kanisa. Kwa maneno mengine, sura ya msamaha inafunguka kwa mazungumzo magumu ya watu wawili. Luka 17:3 inalifupisha: "Jilindeni, kama ndugu yako akikosa, mwonye, akitubu msamehe." Neno la kwanza hapo ni onyo kwa yule anayesamehe, ajilinde.

Nyumbani kwenu hatua hiyo ilirukwa. Nasema hivi bila kuidharau toba ya kaka yako, maana kwa mkubwa kusimama mbele ya wadogo zake na mama yake akaomba radhi si jambo jepesi. Lakini toba ya hadharani ina ugumu wake kwa aliyeumizwa. Familia nzima inakutazama, mama analia, mtu amepiga magoti. Ungesemaje? Ungeuliza, "Na pesa zangu?" Nani angethubutu? Matokeo yake ni kwamba mlikumbatiana juu ya jambo ambalo hamkulizungumza, na sasa lile lisilozungumzwa limerudi likiwa limevaa nguo za mkopo.

Maandiko huwa hayaachi kukiri na kulipa vitembee njia tofauti. Hesabu 5:7 inaviweka katika mstari mmoja: aliyekosa ataungama dhambi yake, atarudisha chote alichochukua, kisha ataongeza sehemu ya tano juu yake. Zakayo, yule mtoza ushuru, hakusema tu, "Bwana, nisamehe kwa yaliyopita." Alitaja viwango: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemnyang'anya kitu kwa hila atamrudishia mara nne. Ndipo Yesu akasema wokovu umefika nyumbani humo. Wokovu haukununuliwa kwa malipo yale, lakini ulionekana kwayo. Ikiwa kaka yako ameokoka kweli, kama ninavyotumaini, basi swali la akiba yako halitakuwa tusi kwake. Litakuwa nafasi.

Je, wewe una haki ya kulisamehe deni hilo lote, usidai hata senti? Unayo, na ni tendo zuri ukilifanya kwa hiari na mkakubaliana na mumeo. Lakini liwe tendo ulilolitenda kwa kinywa chako: "Kaka, lile deni nimelifuta." Deni lililonyamaziwa na deni lililofutwa si kitu kimoja. La kwanza huendelea kuishi ndani ya nyumba na kula pamoja nanyi. Filemoni aliombwa na Paulo ampokee mtumwa wake Onesimo kama ndugu mpendwa, lakini hata Paulo hakujifanya kwamba hapakuwa na hesabu. Aliandika kwa mkono wake kwamba kama Onesimo amemdhulumu au anadaiwa kitu, kiandikwe juu yake Paulo, yeye atalipa.

Mtu mwingine ninayetaka umwangalie ni Daudi. Mfalme Sauli alimwinda miaka mingi bila sababu, na Daudi alimwacha hai mara mbili. Mara ya kwanza kule pangoni Engedi, akakata tu upindo wa vazi lake. Sauli akalia kwa sauti, akamwita mwanangu, akakiri kwamba Daudi ana haki kuliko yeye. Ukisoma 1 Samweli 24 hadi mstari wa mwisho utaona jambo ambalo halihubiriwi sana: Sauli akaenda nyumbani kwake, naye Daudi na watu wake wakapanda ngomeni. Machozi yalikuwa ya kweli, naamini hivyo. Na Daudi hakumfuata.

Mara ya pili, sura ya 26, Daudi anachukua mkuki na gudulia la maji pale kichwani pa mfalme aliyelala. Sauli anaamka, anakiri amekosa, anamwambia, "Rudi, Daudi, mwanangu," anaahidi hatamdhuru tena. Daudi anajibu kwa adabu kabisa, anamrudishia mkuki wake, lakini anasema kijana mmoja avuke aje auchukue. Hakuupeleka mwenyewe. Kila mmoja akashika njia yake, na sura inayofuata Daudi anahamia kwa Wafilisti ili Sauli akate tamaa ya kumtafuta. Huyu ndiye mtu ambaye Sauli alipokufa alimtungia maombolezo, akawafundisha wana wa Yuda wayaimbe. Alimpenda, alimheshimu, hakulipa kisasi, na hakusogea karibu na mkono wake. Ukiambiwa kwamba kujihadhari ni ushahidi wa chuki, mkumbuke Daudi na ule mkuki.

Hata Bwana wetu mwenyewe, katika Yohana 2, watu wengi walimwamini walipoona ishara zake, na Yohana anaandika kwamba yeye hakujiaminisha kwao, kwa kuwa aliwajua wote. Watu haohao aliwafia.

Nije kwenye tumbo lako linalokaza. Umelichukua kuwa kipimo cha msamaha, na naona ndipo unapojidhulumu. Mwili una kumbukumbu yake. Mtu aliyetapeliwa na ndugu aliyemwamini hushtuka akiliona jina lake, na kushtuka huko hakumwombi ruhusa mtu. Msamaha ni uamuzi wa kutomtoza mtu kwa mkono wako mwenyewe, na uamuzi huo unaweza kuwa imara huku mwili ukiwa bado unajifunza. Yusufu alimpa mzaliwa wake wa kwanza jina la Manase, akisema Mungu amemsahaulisha taabu zake zote na nyumba yote ya baba yake. Miaka michache baadaye kaka zake wanaingia kununua chakula, wanainama mbele yake, na mara moja anazikumbuka zile ndoto za ujana wake kwamba watamwinamia. Anawasemesha kwa ukali. Kisha anaondoka kando na kulia. Sasa nani atasema Yusufu alidanganya siku ile alipompa mtoto jina? Alikuwa amesahau kwa namna mwanadamu anavyoweza kusahau, na aliyaona tena alipowaona wao.

Na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kisa cha Yusufu kina jibu la swali lako kuliko sehemu nyingine yoyote ninayoijua.

Kaka zake walimuuza kwa vipande 20 vya fedha akiwa na umri wa miaka 17. Walipokutana tena alikuwa yapata miaka 39, mtu wa pili kwa Farao. Angeweza kujitambulisha siku ileile ya kwanza. Hakufanya hivyo. Aliwapa chakula, akawarudishia hata fedha zao ndani ya magunia, wala hakuwaacha wafe njaa. Msaada ulitoka mara moja. Siri ya moyo wake haikutoka. Alimzuia Simeoni, akadai waje na Benyamini. Walipokuja akampa Benyamini sehemu ya chakula mara tano kuliko wao, mbele ya macho yao, aone kama ule wivu wa zamani bado upo. Mwishowe akatia kikombe chake cha fedha katika gunia la Benyamini, hali ileile ya zamani ikajirudia: mtoto mpendwa wa baba yupo hatarini, na kaka zake wanaweza kumwacha utumwani wakaenda zao.

Ndipo Yuda akasogea. Yuda huyuhuyu ambaye kule kwenye shimo walimomtupa Yusufu ndiye aliyetoa wazo la kumuuza. Sasa anaomba abaki yeye kuwa mtumwa, kijana arudi kwa baba yake, kwa sababu, anasema, alijitoa kwa baba kuwa mdhamini wa kijana. Yusufu hakuweza kujizuia tena. Aliwatoa watu wote nje, akalia mpaka Wamisri wakasikia, akasema, "Mimi ni Yusufu."

Umeiona, dada? Dhamana imo katika kisa hiki, lakini aliyedhamini ni mkosaji. Aliyeuza ndiye aliyeweka maisha yake rehani kwa ajili ya ndugu. Hakuna mtu aliyemwambia Yusufu, kama umetusamehe, weka shingo yako kwa ajili yetu. Kusamehe kulikuwa kazi ya Yusufu. Kuaminika tena ilikuwa kazi ya Yuda, na Yuda aliifanya kwa gharama yake mwenyewe. Nyumbani kwenu mambo yamepinduliwa: aliyepoteza anaombwa aweke tena, na aliyechukua bado hajaweka kitu.

Kuhusu dhamana yenyewe nitasema machache, maana Mithali imeshasema mengi. Mithali 6 inamwambia aliyekwisha kujifunga kwa ajili ya rafiki yake aende haraka akajiokoe, asiyape macho yake usingizi, kama paa anavyojitoa mkononi mwa mwindaji. Mithali 22 inauliza kwa nini uondolewe kitanda unachokilalia kwa sababu huna cha kulipa. Watu wengi hudhani mdhamini ni shahidi wa tabia njema. Sivyo. Mdhamini ni mtu aliyekubali kwamba mkopaji asipolipa, atalipa yeye, na kutegemea mkataba ulivyoandikwa anaweza kubebeshwa pamoja na riba. Kwa hiyo usijiulize, "Je, nampenda kaka?" Jiulize, "Je, mimi na mume wangu tuko tayari kuulipa mkopo huu wote sisi wenyewe?" Kama jibu ni hapana, basi sahihi yako ingekuwa ahadi usiyoweza kuitimiza, na hilo nalo ni jambo la kumjibu Mungu.

Tena fikiri: kwa nini mkopeshaji anataka mdhamini? Kwa sababu yeye mwenyewe hayuko tayari kumwachia kaka yako pesa zake kwa ahadi tupu. Wala hakuna anayemwambia mkopeshaji kwamba hajasamehe.

Utaletewa mstari mwingine, nakuandaa mapema. Mathayo 5:42: "Akuombaye, mpe, naye atakaye kukopa kwako, usimpe kisogo." Pamoja nao Luka 6:35, kukopesha bila kutumaini kupata malipo. Nisingependa uikimbie mistari hii, ni maneno ya Yesu na ni magumu kwa makusudi. Lakini yanazungumzia kutoa kilicho mkononi mwako, ukiwa umekwisha kukiaga moyoni. Dhamana ni kutoa kisichokuwa mkononi mwako: mshahara wa kesho, ada ya watoto, paa la mumeo. Ukitaka kuitii Mathayo 5:42, na nadhani unaweza, kaa na mume wako mkubaliane kiasi ambacho mkikikosa milele nyumba haitatikisika, hata kiwe kidogo namna gani, mkampe kaka kama zawadi. Au mkamnunulie kifaa kimoja cha kazi anayosema anataka kuifanya. Hapo hujampa kisogo.

Sasa nimekutetea vya kutosha, naomba niugeukie moyo wako, maana si kila "hapana" ni busara. Ipo "hapana" inayojilinda, ipo na ile inayolipiza kisasi polepole, na kwa nje zinafanana. Nitakuuliza, nawe ujibu mbele za Mungu, si mbele yangu. Ukisikia kesho kwamba kaka amepata mdhamini mwingine na biashara yake imestawi, utafurahi, au kuna kona ya moyo itakayosikitika? Ukisikia imeanguka, je, utatamani kusema "niliwaambia"? Je, bado unaisimulia habari ile kwa watu wapya wasioihitaji? Akiugua usiku, utakwenda?

Na swali ninaloliona zito kuliko hayo: je, ipo njia yoyote, hata ndefu, ambayo kaka yako anaweza kuipita akaaminika tena kwako? Kama umeshaamua kwamba hata afanye nini atabaki yule mtu wa miaka ile, basi tahadhari imegeuka kifungo, na yule mtumwa wa Mathayo 18 ameanza kukukaribia. Paulo alikataa kusafiri na Marko kwa sababu Marko aliwahi kuwaacha njiani kule Pamfilia. Barnaba, aliyekuwa jamaa yake Marko, alitaka kumpa nafasi nyingine. Wakagombana hadi wakatengana: Barnaba akamchukua Marko kwenda Kipro, Paulo akaenda na Sila. Kitabu cha Matendo hakituambii nani alikuwa sahihi, na mimi napenda kwamba hakituambii. Lakini Paulo mzee, akiwa kifungoni, anamwandikia Timotheo amchukue Marko aje naye, maana anamfaa kwa utumishi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa safari ile, haukuwa umepigwa misumari. Marko alikuwa amefanya kazi katikati ya hapo, na Paulo alikuwa tayari kuona.

Basi mpe kaka yako njia, iwe ya wazi, siyo ya kubahatisha. Akianza kulipa deni la zamani kwa kiasi kidogo alichoweza, tena kwa tarehe mliyokubaliana, hilo litakuambia zaidi kuliko shuhuda kumi za madhabahuni. Akikuonyesha madeni yake yote bila kuficha, hilo nalo. "Aliye mwaminifu katika lililo dogo sana, huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia." Yesu mwenyewe ameruhusu tuanze na dogo.

Jinsi ya kumwambia. Nenda wewe, umwone ana kwa ana, mkiwa wawili. Usitume ujumbe wa simu, na nakusihi usijifiche nyuma ya mumeo. Najua ni rahisi kusema "shemeji yako amekataa," lakini hapo utakuwa umewachonganisha wanaume wawili ili ubaki mtu mwema, na "siyo" yako haitakuwa siyo. Sema kwa maneno yako, kitu cha namna hii: "Kaka, nilikusamehe siku ile na sijarudi nyuma. Sina kisasi nawe. Lakini dhamana hii siwezi, na sitabadilisha. Kuna jambo hatukuwahi kulizungumza, lile deni la kwanza, na ningependa tulizungumze, si leo ili tugombane, bali ili liishe." Kisha nyamaza. Usijaze ukimya kwa kujieleza, maana kila sababu utakayoongeza itageuka mlango wa kujadiliana. Kama atakasirika, mwache akasirike. Hasira ya siku moja haimaanishi toba yake ilikuwa ya uongo; mtu akibanwa na shida huongea vibaya. Akiendelea kwa wiki, akatumia mama na kanisa kukusukuma, basi atakuwa amekuonyesha mwenyewe hali yake, nawe utajua.

Mama ni habari nyingine, na hapo nakuomba upole mwingi. Mama aliyekaa miaka mitatu bila kujua mwanawe yuko wapi anaogopa jambo moja tu, kwamba ukikataa ataondoka tena. Anapokuambia hujasamehe, huenda anachokisema ni "msinivunjie nyumba mara ya pili." Usijibizane naye kwa mistari. Mwendee peke yake, si kwenye kikao, umwambie, "Mama, kaka simfukuzi. Nitampigia simu, nitamtembelea, watoto watamjua mjomba wao. Pesa tu ndizo sitaziweka tena katikati yetu, kwa sababu ndizo zilizotutenganisha." Halafu ufanye hivyo kweli. Mpigie simu kaka wakati ambao hakuna anayeomba chochote. Hiyo pia ni dawa ya tumbo lako, maana sasa hivi kila simu kutoka kwake ina ombi ndani yake, ndiyo sababu jina lake limekuwa kama kengele ya hatari.

Neno moja kwa wengine watakaosoma haya wakiwa na jeraha la namna tofauti: kama aliyekukosa alikupiga, au alimgusa mtoto wako vibaya, usilitumie jibu hili kujilazimisha kurudi karibu naye polepole. Zipo hali ambazo msamaha hutolewa kwa mbali na hubaki mbali, na sheria ina sehemu yake. "Kama yamkini, kwa upande wenu," anasema Paulo kuhusu amani na watu wote. Alijua kuna wakati haiyamkiniki.

Dada, usingoje siku ya mwisho ya mwezi. Kama umeshajua jibu lako, kaka yako astahili kulisikia wiki hii, ili awe na muda wa kutafuta njia nyingine, au kupunguza kiasi cha mkopo, au kuuacha. Kumtesa kwa "nitafikiria" huku umeshaamua si haki kwake. Zungumza na mumeo leo jioni juu ya ile zawadi, mkubaliane kama ipo na ni kiasi gani, na juu ya deni la zamani, mnalidai au mnalifuta, ili ukienda kwa kaka uwe na neno moja mdomoni.